Namna ya Kumrudi Mtoto bila Ukali

Kofi huonekana kufaa kwa sababu mtoto hunyamaza papo hapo. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti zilizohusu watoto wapatao 160,000, wakaona kwamba kuchapwa kunaambatana na ugomvi, utovu wa nidhamu na msongo wa moyo. Ni kweli kwamba mtoto mtundu huchapwa zaidi, hivyo chanzo na matokeo huchanganyika. Lakini watafiti hao hawakuona dalili kwamba kipigo humtengeneza.

Kabla ya kubadili adhabu, chunguza jinsi ugomvi unavyoanza nyumbani kwako. Mwanasaikolojia Gerald Patterson alieleza mzunguko ambao wazazi wengi watautambua: mzazi anaamuru, mtoto analalamika, mzazi anafoka, mtoto analia kwa nguvu zaidi, mwishowe mzazi anachoka na kuliacha jambo lipite. Hapo mtoto amejifunza kwamba kelele humwokoa. Siku mzazi asipokubali kushindwa, humpiga, mtoto hunyamaza, na safari hii anayejifunza ni mzazi: kwamba kipigo humnyamazisha mtoto.

Mzunguko huo hukatwa mwanzoni. Msogelee mtoto, mwite kwa jina, mpe agizo moja fupi, kisha subiri kidogo bila kulirudia. Akikaidi, tekeleza adhabu ndogo uliyokwisha kumtajia, kama vile kumnyima mchezo jioni hiyo. Adhabu ndogo isiyokosa hufundisha kuliko kubwa inayotegemea hasira za siku. Akitii, mwambie waziwazi alichofanya vizuri, jambo ambalo sisi wazazi hulisahau kwa urahisi.

Mzazi aliyeelemewa hawezi kuyafanya haya peke yake. Kubalianeni na bibi, babu, shangazi au yeyote anayeishi nanyi kuhusu kanuni chache, msibishane mbele ya mtoto, na mmoja ampokee mwenzake anapoona hasira zimempanda. Mtoto aliyeadhibiwa aketi na mtu mzima anayempenda, ambaye atamsikiliza bila kuifuta adhabu.

Utakapoacha kushindwa na kelele, huenda kelele zikaongezeka kwanza, kwa kuwa mtoto anajaribu njia iliyokuwa ikimfaa. Wengi hurudia fimbo wakati huohuo, wakidhani upole umeshindwa. Endelea na adhabu ileile ndogo.