Kabla hujalipia pikapu ya fowili, hakikisha matairi ya mbele yanavuta kweli

Wakuu, kama unatafuta pikapu iliyotumika ya kubebea dagaa kutoka mwaloni Kayenze au Igombe hapa Mwanza, au una shamba huko Magu na Misungwi ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa mbugani hautoki hata kwenye ndala, basi hiyo fowili (gari kuvuta kwa matairi yote manne) ndo inayokufanya uongeze hela, kwa hiyo usikubali kuoneshwa taa tu. Taa ya kwenye dashibodi inakwambia mkono wa fowili umeingia kwenye transifa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), basi. Kama nguvu inafika kwenye tairi la mbele au haifiki, hilo inabidi ulione mwenyewe.

Kabla hata ya kuwasha, ingia chini. Propela ya mbele (shafti ndefu inayotoka transifa kwenda mbele) ipo? Maana wapo wanaoifungua kabisa ikianza kutetema au krosi (viungo vyake vya mwishoni) zikiisha, gari inaendelea kutembea vizuri tu kwa matairi ya nyuma na wewe barabarani hutajua chochote. Ikiwepo, ishike uitikise, mchezo mkubwa kwenye krosi utausikia mkononi. Kama gari ni ya draivu shafti (shafti fupi za kwenda kwenye tairi za mbele) angalia na ile mipira yake, ikichanika grisi inarukia ndani ya rimu na mchanga unaingia, afu ukikata kona kali unasikia ka-ka-ka. Matairi yote manne yawe saizi moja na yasipishane sana kuisha, la sivyo fowili ikiingia mbele na nyuma vinavutana muda wote na transifa ndo inaumia.

Oili usiiache, hasa huku kwetu ambako gari zinaingizwa ziwani kuoshwa au kuvuta mtumbwi. Maji yanaingia kwenye difu (lile boksi la gia katikati ya matairi) kupitia kile kibomba cha kupumulia au sili zilizochoka. Mwambie fundi afungue nati ya kujazia ya difu ya mbele, achovye kidole, afu afanye hivyo hivyo nyuma na kwenye transifa. Oili ikija na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida, ila vipande vipande vya chuma hapana, meno yameanza kuliwa.

Sasa habu, yaani vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele vinavyounganisha tairi na shafti yake, na hapa tulia kabisa kwa sababu ndo watu wengi wanapigwa. Pikapu nyingi za zamani kama Hilux zina habu za kuzungusha kwa mkono, zimeandikwa FREE (tairi liko huru) na LOCK (limefungwa na shafti). Zinatakiwa zizunguke kwa vidole, muuzaji akianza kutafuta plaizi ujue hazijaguswa miaka. Paki sehemu tambarare, zima injini, gia iwe nyutro, hendibreki juu na mawe nyuma ya matairi, piga jeki tairi moja la mbele na uweke stendi. Habu zote mbili LOCK, mkono wa transifa H2 (kuvuta kwa matairi ya nyuma tu), zungusha tairi kwa mkono huku mwenzako anachungulia propela ya mbele: inatakiwa izunguke. Afu weka H4 (yote manne) ujaribu tena, safari hii tairi ligome, libaki na kamchezo kadogo tu. Likizunguka kiulaini wakati propela imetulia, habu mojawapo haishiki. Shusha, rudia upande wa pili. (Prado za fulltaimu, zinazovuta kwa yote manne muda wote, mambo yake ni mengine, hizo tafuta fundi anayezijua.)

Ukimaliza hapo muombe muuzaji mwende kwenye mchanga au vumbi, mchanga wa Igombe unatosha sana. Usijaribu H4 kwenye lami kavu kama Barabara ya Nyerere, kwenye kona matairi ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, kwenye lami hayana pa kuteleza, utaumiza vyuma vya gari ambayo bado siyo yako. Kwenye mchanga anza na H2 kwenye kamwinuko hadi nyuma ianze kuchimba, simama, ingiza H4, ondoka taratibu, na mwenzako akae pembeni (siyo mbele wala nyuma ya gari) aangalie tairi za mbele zinarusha mchanga au zinasukumwa tu. Kata kona kali pia, usukani ukiwa mzito na gari inakaza kidogo, ndo inavyotakiwa.

L4 (yote manne kwa gia nzito ya mwendo mdogo) wengi wanaisahau na ndo inayokutoa kwenye tope ukiwa na mzigo. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, ingiza, gia namba moja, achia klachi polepole, inatakiwa ipande mlima bila kubembelezwa na mafuta. Afu ukishuka toa mguu kwenye mafuta injini iishike gari: hapo ndo transifa iliyochoka inajionesha, mkono unachomoka wenyewe kurudi nyutro au unasikia mlio wa kulia ambao H2 haikuwa nao.

Habu zikiwa mbovu lakini difu na transifa ni nzima, usikimbie, habu zinapatikana na kubadilisha siyo kazi kubwa, ulizia bei yake kwanza kwenye maduka ya spea afu umkate muuzaji hela hiyo. Mkono ukichomoka, au oili ya transifa imekuja na vipande vya chuma, mrudishie funguo hata kama bodi inang'aa.