Serikali inapovuka mipaka yake: mwananchi aanzie wapi

Ofisa akikuambia kwamba mkutano wenu umepigwa marufuku, au kwamba simu yako anaichukua, au kwamba mtandao umezimwa kwa usalama wa taifa, muulize: kwa sheria ipi, kifungu kipi, na amri hiyo imetiwa saini na nani? Muulize kwa adabu, kisha andika jibu lake neno kwa neno.

Swali hilo limewahi kurudisha intaneti ya nchi nzima. Januari 2019 serikali ya Zimbabwe ilizima mtandao wakati wa maandamano yaliyotokana na kupanda kwa bei ya mafuta. Wanasheria na watetezi wa vyombo vya habari walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 21 mwezi huohuo jaji akaamuru mawasiliano yarudishwe. Hoja iliyowashindia ilikuwa fupi: waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka hayo, kwa kuwa sheria iliyotajwa ilimpa Rais. Kesi ilipata nafuu kabla hata mjadala mpana wa uhuru wa maoni haujaanza. Kwa hiyo usikimbilie hoja kubwa ukaruka ndogo. Nani ameamuru, na je, ana uwezo wa kuamuru? Anzia hapo.

Pima kizuizi kabla ya kukipinga

Si kila kizuizi ni haramu, na anayepinga kila kitu hupoteza masikio ya hakimu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao zaidi ya nchi 170 zimejifunga nao, unaruhusu uhuru wa maoni, wa kukusanyika na wa kujiunga na vyama kuwekewa mipaka, lakini kwa masharti. Kwanza, kizuizi kiwe ndani ya sheria iliyotangazwa na inayoeleweka. Tangazo la waziri mbele ya kamera si sheria. Pili, kilenge jambo linalotambuliwa na mkataba, kama usalama wa taifa, afya ya umma au haki za watu wengine. Kumwepusha kiongozi na aibu hakumo. Tatu, kiwe cha lazima na kisizidi kipimo cha hatari yenyewe.

Sharti la tatu ndilo huangusha amri nyingi. Jiulize: palikuwa na njia nyepesi zaidi? Hofu ya vurugu katika mtaa mmoja haihalalishi kufunga mikutano nchi nzima. Jiulize pia amri inaisha lini, kwa sababu amri isiyo na tarehe ya mwisho ni vigumu sana kuitetea kama ya lazima.

Kisha tafuta hukumu za nyuma. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano. Mwaka 2013 bunge likatunga sheria mpya ya mikutano ya hadhara, na kifungu chake cha 8 kikarudisha uwezo uleule kwa maneno mengine. Machi 2020 mahakama hiyohiyo ikakibatilisha nacho. Ushindi wa kwanza ulikuwa silaha ya wa pili, lakini kwa sababu tu kuna watu walioikumbuka hukumu ile na wakaipeleka mezani.

Hali ya hatari ina kanuni zake. Kifungu cha 4 cha mkataba kinataka itangazwe rasmi, tishio liwe la kuhatarisha uhai wa taifa, na nchi nyingine zijulishwe kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hata hapo, baadhi ya haki haziguswi kabisa: haki ya kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutofungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza makubaliano ya kibiashara au ya deni, kutoadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa ulipolitenda, kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria, na uhuru wa dhamiri na dini. Andika orodha hiyo pahali. Siku ya taharuki hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuitafuta.

Mtu akikamatwa, saa inaanza kuhesabu

Saa za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya mateso na ya mtu kupotezwa. Katiba nyingi huweka kikomo cha kumfikisha mtuhumiwa mbele ya hakimu, mara nyingi saa 24 au 48. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya mwaka 2014 kuhusu kifungu cha 9 cha mkataba uleule, ilisema saa 48 kwa kawaida zinatosha, kuzidi hapo kuwe kwa nadra kabisa, na kwa mtoto kipimo kiwe saa 24. Jua kikomo cha nchi yako leo, pamoja na namna siku za mapumziko zinavyohesabiwa. Kukamata watu Ijumaa jioni ni mbinu ya zamani ya kununua muda.

Aliyekamatwa aseme jina lake kamili kwa sauti ili walio karibu walisikie, aulize sababu, aombe wakili, kisha anyamaze kuhusu tukio lenyewe. Haki ya kutojishtaki imo katika kifungu cha 14 cha mkataba huo. Asitie saini karatasi asiyoisoma, na akilazimishwa, aandike kando ya saini kwamba amelazimishwa. Asipambane kwa mikono hata kama ukamataji ni haramu: shtaka la kumzuia ofisa kutekeleza kazi linaweza kusimama hata kama la kwanza litaanguka.

Aliyebaki nje ana kazi kubwa zaidi. Aandike saa, mahali, namba za magari, namba za vifuani, na maneno yaliyosemwa. Aende kituo cha karibu na kuuliza kama mtu huyo ameandikwa katika kitabu cha matukio, na kwa namba ipi. Wakikana kwamba wanaye, asiondoke bila kuandika jina na cheo cha aliyekana na saa ya jibu hilo. Kukana huko kutakuwa sehemu ya hati ya kiapo. Apitie vituo vingine na hospitali. Watu wawili waende pamoja, kwa sababu shahidi mmoja hupingwa kwa urahisi.

Kikomo kikipita, au mkiona dalili za kumficha, wakili apeleke ombi la kumtaka anayemshikilia amlete mtu huyo mahakamani na aeleze sababu, ombi ambalo wanasheria huliita habeas corpus. Uingereza iliitungia sheria mwaka 1679, na bado ndiyo njia ya haraka katika nchi nyingi. Linahitaji hati ya kiapo ya ndugu au rafiki yenye ukweli alioushuhudia: alionekana lini mara ya mwisho, na nani, na majibu ya kila kituo. Maombi haya hukwama pale kiapo kinapojaa habari za kuambiwa, au kinapomtaja mkuu wa kituo mmoja ilhali mtu amehamishwa. Wajumuishe wakuu wa ngazi ya juu ya kikosi, ili yeyote asijitetee kwamba mtu hayuko kwake.

Ushahidi usioyumba

Hapa ndipo kesi nzuri hufa. Picha ipo, imesambaa, kila mtu ameiona, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha imepigwa lini, wapi, na kama haijaguswa.

Ukirekodi, anza na eneo zima: jengo linalotambulika, njia panda, bango la barabara. Baki hapo kwa sekunde kumi hivi, kisha sogea kwenye tukio. Shika simu kwa ulalo. Taja tarehe, saa na mahali kwa sauti mara moja, halafu nyamaza; ufafanuzi wako utafunika maneno ya maofisa, ambayo ndiyo yanayotakiwa. Usikate video vipande vipande, kwa maana kila mkato ni tundu ambalo wakili wa serikali atapitia. Kaa mbali kiasi cha kutozuia kazi yao. Maelezo ya Kamati ileile ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kuhusu kukusanyika kwa amani yanawalinda wanahabari na waangalizi wa maandamano dhidi ya kuadhibiwa au kunyang'anywa vifaa, lakini sheria ya nchi yako inaweza kuwa na maeneo yaliyokatazwa, na lazima uyajue.

Faili la kwanza usilihariri, usilibadilishe jina, usiliongeze muziki wala maandishi. Nakili mara mbili katika sehemu tofauti, moja nje ya nyumba yako. Programu nyingi za ujumbe hubana video na kufuta taarifa za saa na kifaa zilizofichwa ndani yake, kwa hiyo ukilazimika kuituma huko, itume kama hati, si kama video ya kawaida. Mwenye ujuzi wa kompyuta akutolee alama ya SHA-256 ya faili, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, siku hiyohiyo na uiandike daftarini: herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama hiyo hubadilika yote; ikibaki ileile, inathibitika kwamba faili halijaguswa tangu siku hiyo. Nakala ya kuonyesha umma ndiyo ufiche sura za waandamanaji. Picha za watetezi zimekwisha kutumiwa kuwasaka watu haohao waliotaka kuwatetea.

Majeraha yaonwe na daktari siku hiyohiyo, na kila jeraha liandikwe kwa ukubwa na mahali. Piga picha ukiweka rula kando, kisha rudia kesho na keshokutwa, kwani michubuko mingi hujitokeza baadaye. Nguo zenye damu zikauke kivulini, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki huozesha.

Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, wasisikilizane. Kila mmoja aseme alisimama wapi, umbali gani, mwanga ulikuwaje, na atenganishe alichoona na alichosikia. Kosa la kuandika likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini pembeni, lisifutwe. Maelezo ya mashahidi wanne yanayofanana hadi nukta huzua shaka kuliko yale yanayotofautiana kidogo.

Simu zenu nazo zilindwe mapema. Kabla ya kwenda kwenye mkusanyiko zima kufungua kwa kidole na kwa sura, weka namba ya siri yenye tarakimu sita au zaidi, na uache nyumbani usichohitaji. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014 kwamba polisi wanahitaji hati ya hakimu ili kupekua simu ya aliyekamatwa. Sheria yako ikiwa na sharti kama hilo, sema wazi: "Sikubali kupekuliwa bila hati." Kukaa kimya huweza kusomwa kama ridhaa.

Mswada ukiwa bado mswada

Hii ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Sheria mbaya inapokuwa mezani kwa kamati ya bunge, barua moja yenye hoja inaweza kufuta kifungu ambacho baadaye kingehitaji miaka ya kesi.

Pata mswada wenyewe, si muhtasari wa magazetini. Soma kwanza sehemu ya tafsiri ya maneno, ndipo vifungu vya adhabu, ndipo vile vinavyompa waziri uwezo wa kutunga kanuni. Maneno kama "taarifa za uchochezi" au "kitendo chochote kinachoweza kuvuruga utulivu" yasiyo na maana iliyobanwa ndiyo mtego. Maoni yako yawe kurasa mbili au tatu: namba ya kifungu, tatizo, na maneno mbadala yaliyoandikwa tayari. Mbunge mwenye nia njema lakini asiye na muda atanakili maneno hayo. Wengine wakiandika nanyi, kila mmoja aandike kwa lugha yake, maana barua mia zenye maneno yaleyale huhesabiwa kama moja.

Daima pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha sheria mbili za afya kwa sababu bunge halikuwashirikisha wananchi ipasavyo wakati wa kuzitunga. Bila rekodi ya nani aliomba kusikilizwa na akajibiwaje, hoja kama hiyo haijengeki.

Kwenda mahakamani, na zaidi ya hapo

Kesi ya kupinga uamuzi wa ofisi, yaani mapitio ya mahakama, mara nyingi ina muda mfupi wa kufunguliwa, wakati mwingine miezi michache tu. Muulize wakili siku ya mwisho kabla ya kumuuliza nafasi ya kushinda. Mwelekezeni pia aombe amri ya muda ya kusimamisha utekelezaji. Malawi, Aprili 2020, Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku ya watu kutoka majumbani kabla haijaanza, baada ya wanaharakati kufungua kesi. Maombi yao yalikuwa mahakamani ndani ya siku chache tangu tangazo. Kesi hiyohiyo ingefunguliwa mwezi mmoja baadaye, madhara yangekuwa yamekwisha kutokea.

Chagueni mlalamikaji kwa makini. Awe ameguswa moja kwa moja, kumbukumbu zake ziwe safi, na awe tayari kuvumilia shinikizo. Aelezwe mapema kwamba akishindwa anaweza kudaiwa gharama, na familia yake ijue. Kumsukuma mtu mbele bila kumwambia hilo ni kumdhulumu.

Barua kwa tume ya haki za binadamu au chombo cha kusimamia polisi iende sambamba, haitakiwi kusubiri kesi. Ofisi ikikaa kimya, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Njia za ndani zikiisha, ziko za nje, na zote huangalia kalenda. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya hupokea malalamiko ndani ya miezi 4 tangu uamuzi wa mwisho wa ndani. Kabla ya Februari 2022 ilikuwa 6. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za mabara ya Amerika ni miezi 6. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hutaka muda unaofaa, na kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika wa haki hizo hukataa malalamiko yenye lugha ya matusi au yaliyotegemea habari za vyombo vya habari peke yake, kwa hiyo hasira isiingie kwenye maandishi na viapo viambatishwe. Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu kuwekwa kizuizini kiholela, kilichoundwa mwaka 1991, hakitaki umalize kwanza mahakama za nchi yako: mtu akiwa bado ndani na hali yake ni mbaya, ombi la dharura linaweza kupelekwa huko hata kesi ya nyumbani ikiendelea. Jazeni fomu yao kwa majina kamili, tarehe, sheria iliyotajwa na chombo kilichomkamata, na mpate ridhaa ya aliyekamatwa au ya familia yake kabla ya kuituma.