Namna ya kufunga kofia ngumu kwenye pikipiki iliyoegeshwa

Waendesha pikipiki wengi hufunga kofia ngumu kwa kupitisha kufuli kwenye ukanda wa kidevuni, ilhali ukanda huo ni kitambaa tu, na kisu chenye makali hukikata kwa sekunde chache. Kofia isiyo na ukanda haimkingi tena mvaaji, lakini jambo hilo halimzuii mwizi. Ikiwa kofia yako inafunika uso mzima, pitisha waya wa chuma uliosokotwa kwenye uwazi wa uso, utokeze upande wa shingo, kisha uuzungushe kwenye fremu ya pikipiki kabla ya kutia kufuli. Waya huohuo unaweza kupita ndani ya mkono wa jaketi na kutokea kwenye ukosi. Kofia ya nusu haina nafasi ya namna hiyo, hivyo ni heri kuibeba.

Tafadhali usiitundike kofia kwenye kioo cha pembeni. Ncha ya kioo hulibonyeza povu gumu la ndani, ambalo kazi yake ni kupondeka mara moja tu wakati wa ajali ili kupunguza kishindo kichwani, na likishabonyea halirudi. Usiiweke pia karibu na mdomo wa tangi, kwa sababu petroli huliyeyusha povu hilo. Glavu na kizibao cha kuakisi mwanga viingie kwenye sanduku la nyuma lenye kufuli, au uondoke navyo.