Somo: Kuchagua matairi na saspensheni ya gari la fowili kwa barabara za Mtwara na Lindi

Kila mwaka, kabla minada ya korosho haijaanza, huletewa hapa Mtwara magari ya fowili, yaani yanayosukumwa na magurudumu yote manne, ambayo wenyewe wana ombi moja tu, nalo ni kwamba yanyanyuliwe. Nikiwauliza gari litabeba nini na litapita wapi, wengi hunijibu kuwa litabeba chochote na litapita popote. Jibu hilo ndilo linalowatia gharama, kwa sababu hakuna springi inayofaa gari tupu na gari lenye magunia kumi kwa wakati mmoja, wala hakuna tairi linalopenda mchanga wa Msimbati na tope la Liwale kwa kiasi kilekile. Somo hili linafuata mpangilio ambao ningeufuata mimi kama fedha zingekuwa zangu: matairi kwanza, shokapu zifuate, springi baada ya hapo, na urefu mwisho kabisa, ikiwa bado kuna haja.

Hatua ya kwanza: Andika mzigo na njia

Chukua karatasi uandike vitu vyote ambavyo havitoki kwenye gari: bumpa la chuma, winchi, keria ya juu, tangi la pili la mafuta. Bumpa la chuma na winchi pekee vinaweza kukaribia kilo 100, tena zote zikiwa mbele ya ekseli ya mbele. Kisha andika mzigo unaokuja na kuondoka. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, kwa hiyo magunia kumi ni kilo 800, na hapo dereva na wenzake bado hawajapanda.

Kuhusu njia, kwetu kuna hali nne zinazotofautiana. Uko mchanga laini wa uwanda wa Makonde, kwenye vichochoro vya mashamba ya Tandahimba na Newala, pamoja na ule wa pwani ya Msimbati. Uko udongo mweusi wa mbuga unaokutesa ukielekea Liwale, uwe umetokea Nangurukuru au Nachingwea, mvua zikiwa zimeanza Desemba. Yako mawe ya matumbawe ya Kilwa na Mikindani, ambayo yana makali kama chupa iliyovunjika. Na iko barabara ya changarawe ya kiangazi yenye mawimbi kama bati, ambayo haimkwamishi mtu lakini ndiyo inayoua shokapu kuliko nyingine zote. Weka alama kwenye hali mbili unazokutana nazo zaidi, na chagua vifaa kwa ajili ya hizo mbili tu.

Hatua ya pili: Soma maandishi ya tairi

Tairi lililoandikwa 265/65R17 lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na linakaa kwenye rimu ya inchi 17. Ukipiga hesabu, kimo chake chote ni kama milimita 776. Ukienda kwenye 265/70R17, kimo kinafika milimita 803. Watu huona tofauti hiyo ya milimita 27 na kudhani difu, lile bonge la giya lililo katikati ya ekseli, limepanda kwa kiasi hicho, kumbe difu linapanda kwa nusu yake tu, yaani milimita 13 hivi, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Spidimita nayo itaanza kukupunja: ikisoma 100, utakuwa unakwenda karibu 103.

Baada ya ukubwa huja namba ya uzito na herufi ya mwendo, kwa mfano 112S. Namba 112 ina maana ya kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Herufi Q ni kilomita 160 kwa saa, na S ni 180. Kwa gari la mzigo, tafuta tairi lenye herufi LT, yaani la malori mepesi, kwa sababu ubavu wake umejengwa kwa tabaka nzito zaidi. Ubavu ndio unaokatwa na visiki vya mikorosho na matumbawe, na ukichanika hauzibiki kwa kiraka cha pancha ukaendelea kuuamini.

Hatua ya tatu: Chagua kashata

Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyoinuka vinavyogusa barabara. Tairi la HT, la barabara kuu, lina kashata za kubana, halina kelele, na linatosha kabisa kwa mtu ambaye safari zake ni Mtwara, Lindi na Masasi kwenye lami. Tairi la AT, la njia zote, ndilo ninalowashauri watu wengi, kwani linavumilia changarawe na mchanga na bado linashika lami yenye maji. Tairi la MT, la tope, lile lenye kashata kubwa zilizoachana, lina kazi yake moja kubwa: udongo wa mbuga. Udongo huo hujaza nafasi za kashata za AT mpaka tairi linakuwa laini kama chungu kilichosuguliwa, ilhali nafasi pana za MT hurusha tope nje tairi linapozunguka. Kwenye mchanga, hata hivyo, MT huchimba, na kwenye lami iliyolowa huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Kama huendi Liwale masika, sioni sababu ya kulipia kelele hiyo.

Hatua ya nne: Upepo

Hapa ndipo ningekaa siku nzima kama ningeruhusiwa, kwa sababu kipimo cha upepo na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri vinaokoa magari mengi kuliko vifaa vyote vya gharama kubwa.

Nenda Msimbati ukiwa na PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) uangalie alama ya tairi lako mchangani: ni fupi, imezama, na pembeni yake kuna kingo mbili zinazoporomoka. Simama, shusha upepo hadi PSI 18, kisha rudisha gari nyuma mita mbili na uangalie tena. Alama imeongezeka kidogo upana lakini imerefuka sana, kingo haziporomoki, na kashata zimechapwa juu ya mchanga kama muhuri. Urefu huo ndio unaolibeba gari. Ukiwa bado unazama, shuka hadi 15, ila usikate kona kwa ghafla wala usizidi kilomita 30 kwa saa, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Kwenye changarawe yenye mawimbi, PSI 26 hadi 28 kwa gari lisilo na mzigo mkubwa hupunguza mtikisiko na kuzipumzisha shokapu. Kwenye matumbawe usishuke sana, kwa sababu ubavu uliotanuka ndio unaokutana na jiwe. Na ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kushika mwendo: tairi lenye upepo mdogo kwenye lami ya mchana wa Novemba huchemka kwa ndani bila dalili, likaja kupasuka kilomita nyingi mbele, na dereva akalilaumu tairi.

Hatua ya tano: Shokapu kabla ya springi

Springi hubeba uzito, shokapu hutuliza mruko wa springi. Kazi hiyo ya kutuliza hugeuka kuwa joto, na kwenye barabara ya bati, ambako shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, mafuta yake huchemka, hupata povu na kupoteza nguvu. Ndiyo maana gari linaloondoka Nachingwea likiwa limetulia linaweza kuanza kuyumba nyuma baada ya saa moja na nusu. Shokapu zenye gesi ya naitrojeni huchelewesha povu. Kati ya hizo, zile za mrija mmoja mnene hupoa haraka, lakini mrija wake ukibonyezwa na jiwe, pistoni ya ndani hukwama. Za mirija miwili huvumilia zaidi kugongwa. Kwa njia zetu za mawe na visiki, mimi huchagua mirija miwili iliyo minene, yenye mafuta mengi.

Kabla hujanunua, lala chini ya gari utazame zile ulizo nazo. Shokapu nzima huwa na vumbi jepesi linalopeperuka ukilipuliza. Iliyokufa huwa na vumbi jeusi lililoganda kama ugali wa juzi, kuanzia kwenye sili kushuka chini, kwa sababu mafuta yaliyovuja ndiyo yaliyolishika.

Springi nazo huuzwa kulingana na uzito wa kudumu. Niliwahi kujinunulia mimi mwenyewe seti ya springi za kilo 300 za ziada kwa ajili ya gari ambalo halibebi kitu, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na muuzaji alinihakikishia kuwa ngumu ndiyo imara. Safari ya kwanza ya Liwale ilinikatia mshikio wa betri na kulegeza redieta, na tumbo langu lilichukua siku mbili kurudi mahali pake. Springi ngumu kwenye gari tupu haikandamiziki, kwa hiyo kila wimbi la barabara linapokelewa na chesisi.

Hatua ya sita: Urefu, ikiwa bado unauhitaji

Milimita 40 hadi 50 zinatosha. Kwa magari ambayo magurudumu ya mbele yanajitegemea, kama Prado na Hilux za sasa, ukizidisha hapo unazipinda shafti za mbele katika pembe kali, raba zake zinapasuka, na mchanga unaingia kwenye jointi. Kituo cha uzito wa gari nacho hupanda. Baada ya kunyanyua, hakikisha mipira ya breki haivutwi magurudumu yanaponing'inia, na kama ekseli ya nyuma ina ile valvu inayogawa breki kulingana na mzigo, irekebishwe, la sivyo itadhani gari ni tupu daima na kuzinyima breki za nyuma nguvu.

Hatua ya saba: Kufunga

Yubolti, zile boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikifunguliwa, weka mpya. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, kwani bushi iliyokazwa ikining'inia hujinyonga na kuchanika mapema. Kaza tena baada ya kilomita 500, kisha pima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Liwale: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu yenye matairi ya 7.50R16 ya tyubu. Nataka kuweka 265/70R16 ili gari lisimame kwa upana. Je, rimu zangu zitafaa?

Jibu: Marahaba. Hazifai. Rimu za 7.50 kwa kawaida ni nyembamba, inchi 5.5, na tairi la 265 linahitaji angalau inchi 7. Tena utashuka badala ya kupanda, kwa kuwa 265/70R16 lina milimita 777 na lako linapita 800. Kama unataka kuachana na tyubu, tafuta rimu za inchi 6 au 6.5 za kipande kimoja, zisizo na pete ya kufungua, uweke 235/85R16, ambalo lina kimo cha milimita 806. Ukibaki na tyubu, usishushe upepo kupita kiasi kwenye mchanga, kwa sababu tairi likizunguka juu ya rimu hukata shingo ya valvu.

Mwanachama wa Kilwa Masoko: Matairi ya mtumba yenye kashata nzima ni ya kununua au si ya kununua?

Jibu: Tazama ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, utaona tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima huku mpira ukiwa umekauka. Pinda ubavu kwa mikono, na ukiona nyufa ndogo kama za kisigino cha kiangazi, liache.

Mwanachama wa Newala: Fundi wangu aliongeza majani mawili ya springi nyuma kwa ajili ya msimu wa korosho. Msimu umekwisha, gari linaruka kama mbuzi na mama watoto amekataa kupanda. Nifanyeje?

Jibu: Mama watoto yuko sahihi. Yatoe majani hayo mawili, uweke jani moja nene la chini, lililonyooka, ambalo halifanyi kazi mpaka gari lielemewe na majani ya juu yalifikie. Hapo gari tupu litatembea kwa springi laini, na lenye magunia litapata msaada. Wakati wa kuyatoa, kagua pia katikati ya jani kuu, kwani springi ikibanwa sana mahali pamoja, jani kuu hukatika karibu na boliti ya kati.

Mwanachama wa Lindi mjini: Mwalimu, gari langu ni Land Cruiser 80, limenyanyuliwa milimita 75. Tangu hapo staringi hairudi yenyewe baada ya kona, na kwenye lami ya kwenda Mingoyo gari linatangatanga. Alaimenti nimepima mara mbili na nimeambiwa iko sawa.

Jibu: Walipima ncha za magurudumu kwa mbele, lakini tatizo lako liko kwenye mlalo wa ekseli. Gari lako lina ekseli nzima mbele, inayoshikwa na mikono miwili mirefu. Ukilinyanyua, mikono hiyo inaizungusha ekseli, na ule mlalo unaoirudisha staringi katikati unapungua. Badilisha bushi za mikono hiyo uweke zile zilizotobolewa pembeni badala ya katikati. Bushi hizo kwa kawaida hufidia unyanyuaji wa milimita 50 hivi, kwa hiyo kwa 75 huenda zisitoshe peke yake, na mimi ningeshusha springi kwanza. Ukienda kupima tena, waambie wakuandikie kipimo cha mlalo kabla na baada ya kazi, upande wa kulia na wa kushoto, uniletee karatasi hiyo nikusomee.