Ini la Jike, Ini la Dume: Jinsi ya Kupima Athari za Sumu kwa Samaki

Ukiyasaga pamoja maini ya samaki madume na majike kutoka maji machafu, utapata wastani usiomhusu dume wala jike. Jike anayejiandaa kutaga ana ini lenye kazi ya ziada: estrojeni kutoka kwenye ovari hulichochea litengeneze vitelojenini, protini inayosafiri kwa damu na kuwa kiini cha yai. Sumu ikiingia, humkuta kila mmoja katika hali yake.

Hatua ya 1: Panga sampuli. Kila eneo au kila dozi iwe na madume na majike wa kutosha, wa umri unaokaribiana, waliovuliwa msimu mmoja. Eneo chafu likitoa majike watupu na eneo safi madume watupu, hakuna takwimu itakayokuokoa.

Hatua ya 2: Damu kwanza. Samaki akishalazwa kwa dawa ya usingizi, mpime uzito, kisha vuta damu kwenye mshipa wa mkiani kwa sindano yenye heparini, dawa inayozuia damu kuganda. Vitelojenini huvunjika upesi, kwa hiyo weka damu kwenye barafu na utenganishe plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, bila kuchelewa.

Hatua ya 3: Thibitisha jinsia. Usiamini rangi wala umbo la nje. Fungua tumbo, tazama gonadi (ovari au korodani), pima uzito wake, kisha hifadhi kipande cha kuangalia kwa hadubini. Miaka ya 1990, kwenye mito ya Uingereza inayopokea majitaka, walipatikana samaki wenye mayai ndani ya korodani. Ukimpata wa namna hiyo, mwandike kwenye kundi la peke yake.

Hatua ya 4: Toa ini. Nenda taratibu karibu na mfuko wa nyongo. Ukipasuka, nyongo huchafua ini na kuharibu vipimo vya vimeng'enya. Pima ini mara moja, kabla halijakauka.

Hapa wengi hukosea hesabu. Chukua jike wa gramu 250 mwenye ini la gramu 5. Ini ni asilimia 2 ya mwili. Lakini ovari zake zina gramu 40. Ukiziondoa, mwili unabaki gramu 210 na ini linakuwa asilimia 2.4 hivi. Tumia uzito usio na gonadi kwa wote, na hata hivyo usishangae majike wakiwa na ini kubwa zaidi wakati wa kuunda mayai. Si lazima iwe sumu.

Hatua ya 5: Gawanya. Kata sehemu ileile ya ini kwa kila samaki. Kipande kimoja kwenye naitrojeni ya kimiminika, kisha nyuzi 80 chini ya sifuri. Kingine kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu.

Hatua ya 6: Soma kipimo kwa jinsia yake. Dume ana jeni ya vitelojenini, ila kwa kawaida imelala. Ukiikuta protini hiyo kwa wingi kwenye damu yake, huenda maji yana estrojeni au kitu kinachoiga estrojeni. Katika ziwa moja la majaribio huko Ontario, Kanada, kati ya 2001 na 2003 iliwekwa estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume walitengeneza vitelojenini, na aina moja ya samaki wadogo wa ziwa hilo, fathead minnow, karibu iishe kabisa. Kwa jike, kinachotisha ni protini hiyo kushuka.

Kimeng'enya cha CYP1A, kinacholisaidia ini kuvunja sumu, kina mtego wake. Sumu kama dioksini na masalia ya mafuta ya petroli hukipandisha, lakini estrojeni ya jike aliyekomaa hukikandamiza. Kiwango kidogo kwa jike hakithibitishi kwamba maji ni safi. Mlinganishe na majike wa eneo safi walio kwenye hatua ileile ya kukomaa.

Hatua ya 7: Takwimu. Weka sumu, jinsia na mwingiliano wa hivyo viwili (yaani kama athari ya sumu hutofautiana kwa dume na jike) katika modeli moja. Mwingiliano ukijitokeza, ripoti madume na majike kwenye jedwali tofauti, pamoja na hatua ya ukomavu wa gonadi zao.