SOMO: Mashine ya kuchomelea ya nyumbani, na namna ya kugusa chesisi bila kuliharibu gari la watu

Wakuu, kila nikifungua simu nakuta "fundi, ninunue mashine gani?" na baada yake "nataka nianze na chesisi ya pikapu yangu". Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayeuliza kilichoandikwa namrudisha juu akasome.

1. Umeme kwanza. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Inveta, yaani mashine nyepesi ya kuchomelea ya kielektroniki, ya ampea 160 ukiifungulia yote inataka zaidi ya hapo. Mwite fundi umeme akuvutie laini yake kutoka kwenye breka. Ekstensheni nyembamba iliyozungushwa kwenye roli yake usiiguse, inachemka mpaka inayeyuka. Na jioni mtaa mzima ukiwasha majiko volti zinashuka, rodi inaanza kunata. Piga kazi asubuhi.

2. Mashine. Chukua inveta ya rodi, inayotoa DC (umeme wa mkondo mmoja, wenye chanya na hasi), ampea 160 hadi 200. Transfoma la zamani halifi, lakini ni zito, linakula umeme wa LUKU, na lile la AC (umeme unaogeukageuka kama wa ukutani) halipatani na kila rodi. Dukani usisome namba kubwa ya ubavuni, soma kibao cha nyuma. Kikisema ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake katika dakika 10 unachoma 6 na kuipumzisha 4. Mashine isiyo na kibao hicho iache hapohapo.

MIG, mashine inayosukuma waya kupitia bunduki na kuukinga mshono kwa gesi, ni tamu, ila gesi yake inataka utulivu. Kusi ikivuma ukiwa uwanjani Raskazone, hapa Tanga, gesi inapeperuka na mshono unajaa vitundu. Waya wenye unga ndani, ule wa aina isiyotumia gesi, unakuokoa hapo, lakini kumbuka kugeuza nyaya: bunduki inakwenda hasi.

3. Kinga. Kioo namba 10 au 11, glavu za ngozi, mikono mirefu ya pamba. Nailoni inayeyukia mwilini.

4. Mazoezi. Nenda kwa wauza skrepa, chukua vipande vya milimita 4. Rodi 6013 (ni namba ya aina, iko kwenye pakiti) ya milimita 2.5 iweke ampea 70 hadi 90, ya 3.2 ampea 90 hadi 130. Simamisha kipande juu ya kingine, choma upande mmoja tu, kisha kilaze kwa nyundo mpaka kivunjike. Tazama ndani ya mvunjiko. Ukiona gamba jeusi limenaswa, au ukingo wa chuma bado umenyooka kama ulivyokatwa, basi hukuchomelea, umebandika stika. Rudia. Usiguse chesisi ya mtu mpaka mshono wako ukubali kupinda kabla ya kuvunjika.

5. Chesisi. Chomoa betri, oltaneta na kontrol boksi. Shusha tangi la mafuta, sogeza paipu za breki. Ethi, ile kleupu ya waya wa kurudisha umeme kwenye mashine, ifungwe karibu na unapochoma, kwenye chuma kinachong'aa, la sivyo umeme utatafuta njia kupitia beringi.

Pikapu za samaki ndizo zinazonitoa jasho. Maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika nyuma, karibu na hanga za springi, na chuma kinatoka matabaka. Gonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu "dab". Saga mpaka kung'aa. Ukikuta unene umebaki nusu, kata utoe kipande kizima. Kiraka juu ya kutu hakina cha kushika.

Ufa una mwisho usioonekana. Paka mafuta ya taa, subiri, futa pakauke kabisa, kisha paka chokaa: mstari utajichora wenyewe. Futa vyote, toboa tundu la milimita 6 pale unapoishia, saga ufa uwe V, choma mpaka moto upenye upande wa pili, saga sawasawa. Hapo ndipo uweke kiraka, na hapo ndipo mimi nilipoharibu. Nilikata kiraka mraba, nikapiga mshono wima kuzunguka ncha, kikapendeza. Gari likarudi na ufa mpya pembeni kabisa ya kiraka. Chesisi inapinda kila shimo la barabara. Ukiikaza ghafla mahali pamoja, mpindo wote unahamia ukingoni, tena palepale chuma kilipodhoofishwa na joto. Kwa hiyo:

- Ncha za kiraka ziwe zimechongoka kama almasi.
- USIPIGE mshono unaokatisha bapa la juu au la chini, yaani zile kingo pana za chesisi.
- Choma vipande vifupi, ukihama huku na huku, joto lisirundikane.
- USIMWAGE maji ili kupoza. Hata mwenye gari akiwa na haraka.

Malori makubwa mengi chesisi zake ni chuma kilichopikwa kiwandani, na baadhi zina kibandiko cha kukataza kuchomea au kutoboa. Hizo waachie wenye mwongozo wa kiwanda.

MASWALI

Chuga Boy: Mkuu, nina laki mbili, ninunue ipi?
Jibu: Namba 2.

Chuga Boy: Nimesoma, ila sijaona jina la mashine.
Jibu: Kwa sababu sijaandika. Kibao cha nyuma, kaka.

Mzee wa Pongwe: Mbona huku malori ya mawe yanapigwa mshono wima na yanatembea?
Jibu: Yanatembea, shikamoo mzee. Muulize fundi huyohuyo ni mangapi yamerudi kwake. Mimi nimeeleza sababu, asiyetaka asifuate.

Binti Guta: Nimejaribu rodi ya 7018 kwenye fremu ya guta, inatoa vitundu. Ampea nimebadilisha, wapi. Ni hewa ya bahari?
Jibu: Swali zuri, dada. 7018 inanyonya unyevu, na Tanga unyevu tunao. Kuikausha upya kunataka joto la kuanzia nyuzi 260, jiko la nyumbani halifiki vizuri. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa, ukifungua itumie siku hiyohiyo. Hakikisha holda (kishikio cha rodi) iko chanya, na rodi iwe karibu kabisa na chuma. Ukiinyanyua tu, vitundu. Kwa bomba jembamba la guta, 6013 ya 2.5 inatosha. Nitumie picha ya mshono.

Binti Guta: Asante. Na wanaosema tunywe maziwa baada ya kuchomea mabati?
Jibu: Maziwa yanakwenda tumboni, moshi wa zinki uko mapafuni. Saga zinki yote kwanza ukiwa na barakoa, kaa upande unaotoka upepo. Ukipata homa na baridi usiku, ni huo moshi. Kifua kikibana, hospitali.

Dereva Sahare: Mafuta kwenye chesisi nisafishe kwa dawa ya kusafishia breki?
Jibu: HAPANA. Zile zenye klorini zikikutana na moto wa kuchomelea zinatoa gesi inayoua. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi ya waya, anika mpaka pakauke.