Beatty anapenda vitabu au anavichukia? Namna ya kumfuatilia

Swali hili naulizwa kila mwezi kwenye kundi letu la kusoma hapa Moshi. Leo naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Riwaya ni Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953. Kapteni Beatty ni mkuu wa kikosi cha zimamoto ambacho kazi yake ni kuchoma vitabu.

1. Soma riwaya yote.

2. Weka alama kila Beatty anapogusia vitabu.

3. Linganisha sehemu zote tatu. Katika ya kwanza anamtembelea Montag, mhusika mkuu na mzimamoto wa kikosi chake, akiwa kitandani, na kumweleza kwa utulivu jinsi vitabu vilivyofupishwa mpaka watu wakaviacha wenyewe. Anasema alilazimika kusoma vichache kwa ajili ya kazi, hakuona kitu. Katika ya pili, wakicheza karata, anamwaga nukuu juu ya nukuu, zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Aliyesoma vichache hawezi hayo! Katika ya tatu anamchokoza Montag aliyeshika mtambo wa moto, wala hajaribu kujiokoa. Baadaye Montag anang'amua kwamba mtu yule alitaka kufa.

4. Tenganisha riwaya na tamthilia. Hapa niliumbuka. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasema Beatty ana nyumba iliyojaa vitabu asivyovisoma. Mama mmoja mstaafu akafungua nakala yake, akavaa miwani, akaniuliza: "Ukurasa wa ngapi?" Nikapekua, jasho likanitoka. Haumo. Jambo hilo Bradbury aliliongeza miaka mingi baadaye, alipoigeuza riwaya kuwa mchezo wa jukwaani. Humo Beatty anaeleza kwamba alivipenda vitabu, maisha yakampiga, akavirudia asipate faraja. Ukilitumia, sema limetoka kwenye tamthilia. Usilichomeke kwenye riwaya, na usiamini muhtasari uliochanganya vyote viwili.

5. Andika badiliko lenyewe, si sifa zake. Mimi namwona ni mpenzi aliyevunjwa moyo: alitaka majibu, vitabu vikampa mabishano, na bado ameyahifadhi yote kichwani.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Mkuu nipe kwa kifupi, nawasilisha kesho.
— Hatua ya 1.

Mdau wa Njiro: Muda sina. Si niandike tu anavichukia?
— Utakuwa umekosea. Soma usiku huu yale anayomwambia Montag kitandani, ni kurasa chache.

Binti wa Soweto: Shikamoo mwalimu. Yale maneno ya Shakespeare anayomchokozea Montag yametoka wapi?
— Marahaba binti, umeuliza vizuri sana. Ni Julius Caesar, tendo la 4, onyesho la 3: Brutus anamwambia Cassius kwamba vitisho vyake havimtishi. Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka 1963, kisha akaisahihisha ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Itafute usome ugomvi ule wote. Beatty amejivika maneno ya Brutus, na Brutus mwishowe anaufia upanga wake mwenyewe.

Binti wa Soweto: Kumbe! Kwa hiyo alikuwa anajiaga?
— Mimi naamini hivyo. Ijenge iwe hoja yako, utaje kurasa.

Mzee wa Machame: Vitabu vya maktaba msivichore jamani. Mimi nakata vipande vya bahasha ya kaki, nachomeka.
— Ahsante mzee wangu. Na namba ya ukurasa iandikwe kwenye kipande, kikidondoka ujue pa kukirudisha.